Kwa Nini Dagny Alichagua Kuezeka

Dagny Thuesen alipata habari ya nafasi yake ya kusomea sheria katika chuo kikuu cha Aarhus mwishoni mwa Julai, asubuhi, akiwa bado na nguo za kulalia. Nusu ya darasa lake waliiomba nafasi hiyo, na ni yeye peke yake aliyeipata. Mama yake, Inger, alilia, akajifuta kwa kitambaa cha vyombo, kisha akaoka keki ya stroberi ingawa ilikuwa Jumanne. Dagny alikula vipande viwili, akaosha sahani yake, akapanda baiskeli na kwenda kilomita sita hadi kwa Holger Klitlund kuomba uanagenzi wa kuezeka mapaa.

Kijiji kizima cha Stavnklit kilijua kwamba kama kulikuwa na uwanja mmoja duniani ambao binti wa Ejner Thuesen hakupaswa kuukanyaga, ni uwanja wa Holger.

Ejner alikuwa fundi wa kuezeka wa Holger kwa miaka ishirini na miwili. Siku aliyoanguka, Dagny alikuwa na miaka kumi na mitano. Walikuwa wanaezeka upya nyumba ya kasisi, nyumba ndefu yenye paa la mwinuko mkali, na chini ya ukingo wake palipaswa kusimama jukwaa la chuma. Halikuwepo. Ejner alieleza kwamba walifika asubuhi wakakuta limeshaondolewa na kupelekwa kwenye kazi nyingine, na kwamba Holger alimwambia kwa simu wapande hivyohivyo kwa ngazi, mvua inakuja. Holger akawaeleza wachunguzi habari nyingine: jukwaa lilikuwa lirudishwe saa sita mchana, yeye alikataza mtu yeyote kupanda kabla ya hapo, na Ejner alipanda kwa sababu kichwa chake kilikuwa na bia. Wenzake wawili waliokuwepo walisema walikuwa nyuma ya nyumba, hawakusikia simu wala neno.

Bia ilikuwepo kweli. Moja, ya kunywa na mkate wa asubuhi, kwa kuwa mmoja wao alikuwa na siku ya kuzaliwa. Damu ya Ejner ilipopimwa ilionekana, na bia ile moja ikazaa kreti nzima midomoni mwa watu. Mgongo uliharibika, fidia ikapotea. Lakini kilichomla Ejner hakikuwa hayo. Ni ile siku aliyojikokota kwa magongo, kabla hajakaa kwenye kiti cha magurudumu, hadi dukani, akaweka pakiti ya maziwa mbele ya mwenye duka, na mwenye duka akamuuliza kwa kicheko kama leo ni maziwa tu. Watu wa foleni walitazama viatu vyao. Dagny alikuwa nyuma ya baba yake, ameshika mkate.

Fundo alilolifunga Dagny moyoni siku ile hakulifungua tena. Alisoma kwa bidii, alicheka na wenzake, alivaa kofia nyeupe ya kuhitimu na kuzungushwa kijijini juu ya lori kama wengine, na muda wote huo alijua ataanzia wapi kazi.

Holger alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mpana, mwenye kucha safi kuliko unavyotarajia kwa fundi. Alikuwa amesimama kati ya milima ya matete yaliyofungwa miganda, na nyuma yake yalikuwa malori mawili ya kijani yaliyoandikwa ubavuni, kwa herufi za dhahabu, *Klitlund na Mwanawe*. Alimsikiliza Dagny mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Wenye alama kama zako huwa wanakwenda Aarhus, binti."

"Mimi nimekuja hapa."

Holger alimtazama sana. "Umekuja kufanya kazi, au umekuja kunitazama?"

"Vyote viwili."

Akacheka. Dagny aliona kabisa jinsi wazo lilivyompita machoni: binti wa Ejner amekaa ndani ya lori la kijani, anapita mbele ya duka kila asubuhi. Nani tena angesema kwamba Holger alimdhulumu baba, ikiwa binti mwenyewe anakula mkononi mwake? Alimwambia aje Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, na viatu vyenye chuma vidoleni.

Ejner alipoambiwa, hakufoka. Aliweka uma chini na kusema kwamba mtu akiingia kazini kwa ajili ya mtu mwingine, huyo mtu mwingine ndiye bosi wake mpaka siku atakayokufa. Kisha akanyamaza siku tisa. Siku ya kumi Dagny alirudi na vidole vilivyochanika kwa matete, akakaa mezani akijaribu kufunga fundo la waya kwenye mpini wa ufagio, na baba yake akavumilia dakika tano, sita, halafu akasukuma kiti chake cha magurudumu karibu.

"Siyo hivyo," alisema. "Unaivuta kama unakamua ng'ombe. Sindano ipite chini ya ufito kwanza, kisha uivute kuelekea kwako. Lete hapa."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na watu wawili. Mchana Holger alimfundisha namna ya kutandaza matete, kuyagonga kwa ubao wenye meno mpaka yapande na kukazana, namna ya kusoma makombamoyo ya paa la nyumba ya zamani na kujua upande gani umeinama. Jioni Ejner alirekebisha aliyofundisha Holger. Baada ya mwaka mmoja Dagny alikuwa anaezeka kama baba yake, na Holger aliliona hilo, na halikumfurahisha, ila hakuweza kulisema.

Mwaka huo wa kwanza Dagny alitafuta ushahidi. Alifungua kabati za ofisini wakati wengine wanakula. Alisoma karatasi za kazi za zamani. Hakukuwa na kitu. Amri za namna ile haziandikwi. Kati ya wenzake wawili wa baba yake, mmoja alikuwa amekufa kwa moyo na mwingine alikuwa amehamia Norway, na Dagny alipompigia simu alisikia pumzi tu, halafu simu ikakatwa.

Basi akabadilisha njia. Kama hawezi kumpata Holger kwa alichokifanya, atampata kwa anachokipenda. Na ili ujue mtu anapenda nini, huna haja ya kumuuliza. Kaa naye garini.

Holger hakupenda sana pesa. Nyumba yake ilikuwa ya kawaida, gari lake la zamani. Mke wake alikuwa ameondoka zamani na hakumsema vizuri wala vibaya. Alichokipenda ni neno moja ubavuni mwa lori: *Mwanawe*. Kampuni ilianzishwa na babu yake, ikapita kwa baba yake, ikafika kwake, na herufi zile za dhahabu alizichora upya kwa mkono wake wiki aliyozaliwa mwanawe Asger. Kila mteja aliambiwa. Kila kasisi, kila mwenye nyumba ya mapumziko kutoka Hamburg. Holger angeonyesha kwa kidole na kusema, huyu hapa ndiye wa nne.

Wa nne alikuwa na miaka miwili zaidi ya Dagny, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi hata kwa vitu alivyogonga. Alikuwa fundi kamili kwa cheti. Lakini kila asubuhi, kabla ya kupanda, Asger alizunguka nyuma ya lori akatapika kimyakimya, akasukutua kwa kahawa, kisha akapanda akiwa mweupe kama unga. Wote walijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu baba yake alikuwa ameamua kutojua.

Siku iliyomfungulia Dagny mlango ilikuja mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, walipokuwa kwa bibi mmoja aitwaye Ellinor aliyeishi peke yake karibu na ghuba. Bibi aliwatolea kahawa uani, na katikati ya kumimina mkono wake ukalegea na mdomo ukaenda upande. Dagny alibaki ameshika kikombe. Holger alianza kutafuta simu mifuko yote. Asger alikuwa ameshapiga magoti. Alimlaza bibi ubavu, akamshika kichwa, akamwambia Dagny atazame saa na aseme ni saa ngapi hasa, akawaelekeza watu wa gari la wagonjwa njia ya mkato, na muda wote huo aliongea na bibi kwa sauti ileile ya chini, kuhusu maua yake, kuhusu paa lake, bila kutetemeka hata kidogo. Bibi Ellinor alipona. Waliporudi garini Holger alisema wamepoteza saa mbili.

Dagny alimtazama Asger kwenye kioo cha dirisha. Hakuwahi kumwona mtu akiumiliki mwili wake hivyo, kisha akauvua tena kama koti la kuazima na kuurudisha.

Usiku ule alikula kwa hamu. Mama yake alimuuliza ana nini. Akasema ana furaha, na ilikuwa kweli, furaha ya mtu aliyetafuta funguo kila chumba akazikuta mfukoni.

Hakuharakisha. Alianza kwa kuuliza maswali madogo, wakiwa wamekaa juu ya miganda wakila mikate yao myeusi. Alijifunza wapi kufanya vile? Asger alieleza kwamba nyanya yake alikuwa kwenye nyumba ya wazee huko Ringkøbing, na kwamba yeye huenda kila Jumapili na mara nyingine humsaidia muuguzi kugeuza wale wazito. Alisema kwa aibu, kama mtu anayekiri wizi. Dagny akauliza kama hakuwahi kufikiria kuifanya kazi hiyo.

"Baba angekufa," Asger alisema.

"Watu hawafi kwa hilo."

"Humjui."

"Namjua," Dagny alisema. "Wewe unatapika kila asubuhi kwa ajili yake. Yeye anafanya nini kwa ajili yako?"

Asger hakuinuka kwenda.

Miezi ikaenda hivyo. Dagny alimletea vijitabu vya vyuo. Alimwambia mwisho wa kuomba ni tarehe kumi na tano Machi, saa sita mchana, na kwamba baada ya saa sita mlango unafungwa. Alipoona Asger ameandika barua ya maombi ya mistari minne, aliichana, wakakaa ndani ya lori huku mvua ikipiga, akamuuliza maswali na kuandika majibu yake upya. Aliandika kuhusu nyanya wa Asger. Aliandika kuhusu bibi Ellinor. Darasani kwake hapakuwa na mtu aliyeandika kama Dagny, na barua ile aliipa yote aliyokuwa nayo, kama mtu anayenoa kisu cha mwenzake. Asger alipoisoma alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi," alisema.

Dagny alitazama kioo cha mbele. Alikuwa anampenda kidogo, hilo hakuwa amelipanga, na alilisukuma mbali kama unavyosukuma mbwa wa jirani kwa goti, bila ukali lakini bila kumruhusu aingie.

Mwisho wa Julai jibu lilikuja. Odense, shahada ya uuguzi, kuanzia mwezi wa tisa. Wiki hiyohiyo Holger alitangaza kwamba tarehe kumi na nne Agosti kampuni itatimiza miaka mia, kutakuwa na sherehe uwanjani, na siku hiyo atamkabidhi Asger nusu ya kampuni mbele ya watu wote.

Asger alitaka kumwambia baba yake mapema, wawili tu, jikoni. Dagny alimzuia.

"Ukimwambia jikoni atakumeza," alisema. "Ataongea mpaka saa nane za usiku, atamtaja babu yake, atalia, na asubuhi utakuwa nyuma ya lori unatapika. Mwambie mbele ya watu. Mbele ya watu hawezi kukumeza."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Ila siyo kwa sababu hiyo aliyasema.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na upepo. Bendera ilipandishwa. Kulikuwa na meza ndefu za mikate yenye samaki wa siki, mayai na kamba wadogo, kulikuwa na bia na mvinyo mtamu, na watu walikuja kutoka vijiji saba: makasisi, wateja, mafundi wa kampuni nyingine, mwenye duka na mke wake. Kwa ajili ya hotuba Holger alikuwa amefunga jukwaa la chuma la kazini, hatua moja juu ya ardhi, na kulipamba kwa matete na maua ya porini. Ejner hakualikwa. Dagny alikuwa amepewa kazi ya kupitisha sinia la glasi, na alisimama pale ambapo angeuona uso wa Holger bila kuzibwa na mtu.

Holger aliongea vizuri. Alisema habari ya babu yake aliyekata matete juu ya barafu ya ghuba akiwa na viatu vya mbao. Kisha akamwita mwanawe, akamshika bega, akasema hatimaye jina lililoandikwa kwenye lori litakuwa jina la kweli. Watu wakapiga makofi. Asger akashika kipaza sauti.

Alishukuru watu kwa kuja. Kisha akasema kwamba hatachukua kampuni. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi Odense, anaanza baada ya majuma mawili, na hatarudi tena juu ya paa.

Dagny aliuona uso wa Holger ukishuka. Haukukasirika kwanza, ulikuwa kama uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Aliungojea uso ule miaka minane.

Holger alijaribu kuokoa mambo. Alicheka, akauvuta mkono wenye kipaza sauti, akawaambia watu kwamba kijana ana woga wa jukwaani.

Watu wachache walicheka. Asger hakucheka. Alisogea nyuma hatua moja na kutazama vile vyuma chini ya miguu yake, vilivyofunikwa maua.

"Jukwaani," alisema. "Haya, baba, tuongee habari ya jukwaa. La nyumba ya kasisi nililifungua mimi, Jumatano jioni, kwa amri yako, nikalipeleka kwenye kazi ya Hvide Sande. Halikuwa la kurudi saa sita mchana. Lilikuwa la kurudi Jumatatu. Na Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa pembeni yako garini ulipompigia Ejner simu ukamwambia apande. Alikuuliza mara mbili. Ukamwambia apande."

Upepo ulipiga kamba ya bendera kwenye mlingoti, ta, ta, ta. Holger alifungua mdomo, akamtazama mtu mmoja, kisha mwingine, akitafuta uso utakaomsaidia, na macho yake yakamfikia Dagny. Holger akaelewa sehemu yote aliyoicheza binti huyo. Akashuka jukwaani kwa upande usio na ngazi, akajikwaa, hakuna mkono ulionyooshwa, akapita katikati ya wageni wake hadi ndani ya nyumba.

Dagny aliweka sinia juu ya miganda. Alikuwa amepanga kumnyang'anya mtu mwana. Hakuwa amepanga hili lingine, ambalo ndilo alilolitaka tangu mwanzo na kulikatia tamaa. Akaenda nyuma ya rundo la matete, na huko ndiko hasira mpya ilikomkuta. Miaka minne. Wamekula mkate pamoja miaka minne.

Asger alimfuata.

"Ulijua," Dagny alisema.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Alisema nikifungua mdomo, watu ishirini watakosa kazi." Aliketi juu ya mganda. "Ulipokuja kazini nilidhani umeshaambiwa. Ulipoanza kunisaidia nikadhani umenisamehe. Ndiyo maana nimeweza leo."

"Sikuwa nimeambiwa kitu. Na sikukusamehe, maana sikujua kama una kosa." Angeweza kuishia hapo. "Nilitaka uondoke ili abaki peke yake. Basi. Ndiyo kazi niliyokuja kuifanya hapa."

Asger aliinua uso. "Na ile barua?"

"Kila neno."

"Lakini yale maneno yalikuwa kweli."

"Yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalifaa."

Alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa, akipima maumivu yako wapi hasa, na Dagny akachukia kutazamwa hivyo. "Mimi nilinyamaza miaka minane, wewe ulinitumia mwaka na kitu," Asger alisema. "Tumelipana?"

"Hapana," Dagny alisema. "Bado unadaiwa na baba yangu."

Alikubali kwa kichwa. Kesho yake, kabla ya kwenda Odense, alikwenda mwenyewe kwa wachunguzi akaandika maelezo na kuyatia sahihi, na kutoka huko akaenda kwa Ejner. Walikaa bustanini saa nzima. Dagny hakuombwa akae nao, na hakuambiwa baadaye walisema nini.

Kijiji kiligeuka upesi, kama kilivyogeuka mara ya kwanza. Mwenye duka alileta keki ya siagi mwenyewe, ikiwa bado ya moto. Ejner aliipokea mlangoni, akamshukuru, akaufunga mlango, akawatupia ndege keki ile. Barua ilikuja kwamba kesi yake itafunguliwa upya. Wateja watatu wakubwa walimwacha Holger mwezi uleule.

Dagny alibakiza majuma matano kabla ya mtihani wake wa ufundi, na karatasi zake zilihitaji sahihi ya fundi mkuu wake. Alikwenda ofisini mchana, wengine wakiwepo uwanjani. Holger alikuwa amekonda shingo. Alitia sahihi bila kusoma, kurasa zote nne, akazisukuma mezani.

"Wewe ni fundi mzuri," alisema. "Nilikufundisha vizuri. Hilo huwezi kulikana."

"Silikani."

"Umetosheka sasa?"

Dagny alizikunja karatasi na kuziweka mfuko wa kifuani. "Bado. Baba yangu yuko nyumbani kila siku. Mlango unaujua."

Alidhani hatakuja. Alikuja Jumapili, amevaa koti la kanisani, akagonga mlango wa mbele ambao hakuna mtu aliyeutumia. Inger alimfungulia akarudi kwenye sinki. Ejner alikuwa mezani jikoni. Chupa ya kahawa ilikuwa mbele yake, imejaa, na vikombe viwili pembeni. Katika nyumba ile hata mtu wa kusoma mita alipewa kahawa. Hata wale wahubiri wa mlango kwa mlango walipewa kahawa. Ejner alijimiminia kikombe kimoja, akafunga chupa.

Holger alisubiri kuambiwa akae. Hakuambiwa. Akasema akiwa amesimama, kofia mkononi, kwamba alimwambia apande, kwamba alidanganya kuhusu saa sita, kwamba bia ilikuwa moja na alijua ni moja.

Ejner alikunywa kidogo. "Rudia," alisema. "Inger alikuwa anasuuza vikombe, hakusikia."

Inger hakuwa anasuuza kitu. Alikuwa amewapa mgongo, mikono miwili kwenye ukingo wa sinki, bomba limefungwa. Dagny, aliyesimama kwenye kizingiti cha sebule, aliona masikio ya Holger yakiwa mekundu hadi chini. Akarudia. Safari hii ilimchukua muda mrefu zaidi.

"Haya," Ejner alisema. "Umesema. Nenda."

Holger alipotoka, Ejner alimimina kikombe cha pili akampa mke wake. Dagny alitoka nje kwa nyuma, akashika ukuta wa banda, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na kwa muda hakuweza kuacha.

Alifaulu mtihani mwezi wa kumi na moja kwa medali ya fedha. Holger aliuza uwanja kwa kampuni ya kusini, na hao wakapaka malori yote rangi nyeupe. Inger alimkumbusha kwamba nafasi ya Aarhus inaweza kuombwa tena, mwisho tarehe kumi na tano Machi, saa sita mchana. Dagny alifungua fomu, akajaza jina na alama. Kwenye kisanduku cha kueleza kwa nini unataka kusoma hiki, aliacha vidole juu ya herufi muda mrefu. Miaka minane alikuwa na jibu moja kwa kila swali la namna hiyo, asubuhi akiamka jibu liko tayari limekaa kitandani. Sasa kitanda kilikuwa kitupu. Aliifunga fomu. Alimwambia mama yake hataki sheria, pengine hakuwahi kuitaka, na kama anataka kuezeka hajui bado. Anajua tu kwamba mikono inajua. Akaomba kazi kwa fundi mkuu mmoja huko Thy, mwanamke wa miaka hamsini asiyependa maneno, akapata.

Asger aliandika mara moja tu, wakati wa Krismasi. Alisema anafanya mazoezi wodi ya wazee na kwamba hatapiki tena. Hakumlaumu wala hakumshukuru. Dagny alimjibu kwa mstari mmoja, kwamba anafurahi, na alipousoma tena aliona ni kweli, akautuma kabla hajaanza kuutilia shaka.

Mwezi wa Aprili walikuwa juu ya paa la shamba moja kando ya barabara kuu, Dagny amepiga goti kwenye ngazi ya paa, anagonga matete upande wa magharibi. Gari la zamani lilikuja polepole kutoka kusini. Alilitambua kwa mbali. Nchi ile watu hawapitani barabarani bila salamu. Unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hata kwa adui, hata kwa mgeni. Gari lilipunguza mwendo usawa wa nyumba, na kidole cha Holger kikainuka.

Yule fundi mkuu wa Thy, aliyekuwa kwenye kilele, alimwinulia mkono. "Unamjua yule?" alimuuliza Dagny.

"Namjua," Dagny alisema, akaomba apitishiwe mganda mwingine, na alipoupokea aliigeuzia barabara mgongo na kuanza kuufungua waya.